Mashini ya Nyuzi Katika Chumba cha Nyuma

Ninyi vijana munaosoma hii, musicheke kwanza. Munafikiri mutu mukubwa anaogopa courant, huu umeme, kwa sababu hakusoma. Ni kweli, shule niliiacha mapema. Lakini woga wangu ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba yangu, hapa Tshopo.

Mujukuu wangu wa kike anasoma chimie, ile kemia. Mama yake iko Yanonge, anauza samaki. Mutoto huyu aliniachia mimi, Koko yake. Shuleni kwao mashini ya kutengeneza nyuzi ni moja, na wanafunzi ni wengi. Donc, basi, akajitengenezea yake katika chumba cha nyuma. Akatoa ndani ya televizyo iliyokufa kile kisanduku cha kuongeza nguvu ya courant, akakifunga waya mbili: moja kwa sindano ya hospitali iliyojaa gundi, ingine kwa kipande cha bati. Courant inavuta gundi kutoka kwa sindano, gundi inaruka hewani, inafika kwa bati imeshakauka, imekuwa uzi mwembamba kuliko wa buibui. Nyuzi zikijaa, ni kitambaa cha kuchuja maji.

Kile kisanduku kilikuwa kinalia tsss, tsss, kama nyoka. Nikisogea mulangoni, nywele za mukono zinasimama. Akifunga mulango, ninakaa nje, ninasikiliza kama kiti kinasogea. Nikisikia kimya, nagonga.

— Uko muzima?

— Niko, Koko.

— Sema tena.

— Niko muzima! Maiti haijibu, Koko.

— Hilo neno usilitamke katika nyumba yangu.

Tonton yake, mutoto wangu wa mwisho, alikuwa anacheka tu. «Mama, muache. Atakushonea liputa ya gundi, ujifunge kiunoni uende nayo misa.»

Nyuzi zenyewe zilikuwa zinakataa. Zilikuwa na matone matone, kama shanga. Akaniambia: «Gundi hii inapenda kujikusanya, Koko, haitaki kunyooka. Nitatia sabuni kidogo. Sabuni inalegeza ngozi yake ya juu, uzi unatoka sawa.» Sabuni yenyewe ilikuwa poda nyeupe ya laboratoire ya shule. Mara ya kwanza akazidisha, sindano ikatema povu. Akapunguza, ikabaki ncha ya kijiko tu. Alasiri moja akapiga kelele mule chumbani, moyo ukanishuka mpaka miguuni. Kumbe ni furaha. Niliingia, nikaona kwenye bati kitambaa cheupe, laini, hakuna shanga hata moja.

Halafu courant ikakatika.

Munajua tabia yetu katika mji huu. Courant ikienda, hakuna anayezima kitu. Taa, radio, pasi, vyote vinabaki wazi, ili ikirudi tujue. Na yeye hakuzima. Gundi ilikuwa inakauka kwenye ncha ya sindano. Akachukua tambara lenye maji, akanyoosha mukono aipanguse. Nilifungua kinywa nimukataze. Radio ya tonton yake ikaanza kuimba sebuleni.

Nikaona cheche ya buluu. Mutoto akarushwa nyuma, akagonga ukuta, akateleza chini, na waya ikaanguka juu ya sketi yake. Sikumugusa. Niliwahi kuona waya moja ikishika mutu, kisha ikamushika na ndugu yake aliyekuja kumuvuta. Nikachukua ufagio, nikaisukuma waya mbali kwa muti wake, nikang'oa ukutani fishi, ile plagi ya kisanduku. Kichwani nilikuwa ninaona pirogue, ule mutumbwi wa Yanonge, inafika, mama yake anashuka na vikapu vyake, ananiuliza mutoto iko wapi.

— Uko muzima?

Nikamupiga kofi la shavu.

— Sema!

Midomo ikasogea.

— Koko… usitupe kitambaa.

Kidole chake kilikuwa na doa jeupe, na harufu ya ngozi iliyoungua. Tonton yake alifika mbio akasimama mulangoni.

Nilimushika mutoto kifuani mpaka pumzi yake ikatulia. Yangu haijatulia mpaka leo. Kisha nikaita bote mule mule chumbani, nikabaambia:

— Kuanzia leo, courant ikienda, fishi zote zing'olewe ukutani, na ya radio ndiyo ya kwanza. Kama imerudi, tutasikia kelele ya majirani.