Pama ya Baba Mkwe

Jumamosi tulikwenda Didia kumposea mpwa wangu, mtoto wa dada. Ng'ombe wa mahari walipokaribia kukubaliwa, shangazi wa kijana, mkunga wa zahanati, alimgeukia baba wa binti.

"Samahani, baba. Naomba uvue hiyo kofia ya pama."

Mzee akaishika ukingoni, akamwuliza kwa nini.

"Mtoto wa kiume hurithi upara zaidi kwa upande wa mama, hata kama mama mwenyewe ana nywele tele. Nataka nimwone mjukuu mapema."

Mzee akavua. Kichwa kiling'aa kama sufuria mpya. Kisha akamwambia mpwa wangu, "Na wewe vua."

Kijana akavua. Utosini nywele zilishaanza kuaga.

"Huyu naye kautoa wapi?" mzee akauliza.

Shangazi akageuka taratibu, akaitazama kofia yangu mimi, mjomba mtu.

Binti tumepewa. Ila wajomba wenzangu, mkienda posa, kaeni karibu na mlango.