Turia kwa R

Bwana mifugo alikuwa akichanja mbwa wa kijiji cha Kitura tangu asubuhi, na kila sindano aliitangulizia neno lile lile, kwa sauti iliyochoka: "Tulia." Kwenye kadi za chanjo hakuvumilia jina lililokosewa. Kunigunda alimshikilia mtoto wa mbwa, rozari ikiwa bado kiganjani.

"Umempa jina gani, mama?"

"Turia."

"Tulia. Kwa L."

"Kwa R, baba. Marehemu mume wangu alikuwa akimbembeleza hivyo. Tumemzika Jumanne; nataka niendelee kulisikia."

Kadi ilikuwa imeshaandikwa L. Bwana mifugo akaichana, akachukua nyingine, akaandika taratibu kwa vidole vyenye madoa ya dawa. Kisha akainama na sindano.

"Turia," akamwambia mbwa. "Turia."