Pikapu Iliyoomba Radhi

Jirani yetu wa Kibosho alinunua pikapu iliyozeekea mikononi mwa padri, na kila ubovu wake aliutolea udhuru kwa sauti ya upole. Mlango ukifunguka kwenye kona, alisema gari linataka hewa. Injini ikizimika mlimani, alisema hata sisi huchoka. Kisha aliipapasa bodi kwa kiganja chake cheusi kwa grisi.

Wauzaji wa Moshi mjini walipotangaza redioni kwamba pikapu za aina hiyo zirudishwe zibadilishwe bomba la breki, aliondoka asubuhi ileile. Bomba likapasuka njiani. Pikapu ikaacha barabara, ikalaza migomba ya Mama Redempta ndipo ikasimama. Mama akatoka na panga. "Hilo bati lako halitoki hapa leo!" Jirani akashuka. Alichuma jani la sale mpakani mwa kihamba kile cha migomba, akampa kwa mikono miwili. Kwetu, anayeletewa sale hakatai kusamehe. Mama akalipokea huku amenuna. "Haya, wewe nimekusamehe. Gari bado halijaomba." Jirani akachuma jani jingine, akalibana mbele ya pikapu, akaingia ndani, akapiga honi taratibu, kwa adabu.