Mtumbwi wa Mita Saba Kasoro

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze, maana najua kisa hiki mmeshakisikia vipande vipande kwa watu ambao siku ile hata hawakuwepo, na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Leo mtakisikia kwa mwenyewe. Ndiyo, mimi ndiye niliyezamisha bibi harusi mchana kweupe mbele ya mji mzima wa Baraka, na sikumzamisha kwa dhoruba wala kwa mamba, nilimzamisha kwa hesabu. Tena hesabu ya mwanangu mwenyewe, niliyekuwa namsaidia masomo.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, mimi nikiuza vitambaa pale karibu na soko. Mwanangu Ramazani alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari, safari ya lori ya kutwa nzima kutoka kwetu, na kwa familia kama yetu hilo lilikuwa jambo la kujadiliwa msikitini. Kaka yangu mkubwa, Yaya Shabani (kwetu mkubwa wako unamwita Yaya), hakuitaka shule ile hata kidogo. Alisema mtoto wa Kiislamu akishajua Kifaransa hatashika tena kasia wala tasbihi. Nilipomwendea Ramazani kumchukua likizo, mwalimu wake aliniambia kwa upole kwamba mzazi anaweza kumsaidia mtoto hata kama hajui masomo yenyewe: kaa naye, mpe vitu vya nyumbani apime na kuhesabu, muulize amefikaje pale. Nikaitika kwa kichwa kama mtu aliyesoma Ulaya. Nikarudi Baraka nimejaa kusaidia hadi puani.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja la ufukwe wetu, ingawa wenye mitumbwi watanichukia. Mtu akikuuliza mtumbwi wako una mikono mingapi ya urefu, ile ya kiwiko hadi ncha ya kidole, humtajii mikono ya mbao, unamtajia mikono ya heshima. Wangu (niliununua, sikuuchonga, mimi si mtu wa maji, ni mtu wa kitenge) nilikuwa nasema una mikono ishirini. Yaya Shabani wake ulikuwa na ishirini na miwili, na ukiiweka pamoja mchangani ulikuwa huoni wa kwake umeificha wapi hiyo miwili. Hakuna aliyekuwa akiitwa mwongo. Wote tulijua, na wote tulijua kwamba wote tunajua, na maisha yalikwenda vizuri tu.

Basi jioni moja nimekaa barazani na wageni, wenye mitumbwi watatu wanne na Yaya Shabani katikati yao, Ramazani akatoka ndani na karatasi yake. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya likizo: tafuta chombo kinachoelea, kipime, halafu ufanye hesabu kitabeba mzigo gani kabla ya kuzama.

"Baba," akaniuliza, "bwato yetu iko na mikono ngapi ya urefu?"

Mtumbwi wenyewe ulikuwa umekwenda Ubwari, ng'ambo ya maji, kuleta samaki, na mtoto (Mungu ambariki) akaongeza kwa adabu, "Ao tungojee irudi, nitapima miye mwenyewe na mita ya ku duka."

Hapo ndipo palipokuwa mlango wa kutokea, ndugu zangu, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu. Ningesema ngoja urudi. Lakini masikio yote ya baraza yalikuwa yamegeuka, na Yaya Shabani alikuwa ameshaanza kutabasamu upande mmoja.

"Unapima nini tena na mwenyewe mutumbwi niko hapa?" nikasema. "Andika ishirini."

Akaandika. Akauliza upana, nikaona haya kutaja upana wa mtumbwi mdogo chini ya urefu wa mtumbwi mkubwa, nikaunyoosha nao. Akauliza kina. Kina nacho, ningekiachaje peke yake? Mtoto akageuza mikono yote kuwa mita, akainamia karatasi, kalamu ikakwaruza huku wageni wamenyoosha shingo kama wanangoja fatwa, na mwisho akatoa jibu. Mzigo wenyewe ulikuwa mkubwa hata mimi nikashtuka kidogo rohoni. Lakini ulikuwa umeandikwa kwa Kifaransa, na chini yake kulikuwa na mistari miwili iliyonyooka, nikasema kumbe mtumbwi wangu niliudharau miaka yote hii. (Mwalimu alisema nimuulize mtoto amefikaje pale. Nilisahau kuuliza, maana nilipapenda mno pale alipofika.)

Yaya Shabani akacheka. Binti yake Zaina alikuwa anaolewa Ubwari, na vyombo vya harusi pamoja na watu vilikuwa vivushwe siku chache zijazo. Yeye alikuwa amepanga safari mbili.

"Kama ile karatasi iko na ukweli," akasema, "basi ubebe byote safari moja. Zaina, bamama, magunia, mawese, byote. Ikifika, mutoto arudie ku shule yake, mi sitasema kitu tena. Isipofika, atabakia hapa, atajifunza kazi ya batu."

Mama Ramazani alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya mihogo. Akaniangalia kwa jicho ambalo wake zetu wanalo. Mimi nikasema, "Yaya, tumepatana."

Siku yenyewe ufukwe ulijaa. Nilivaa kanzu nyeupe mpya, niliyoikata dukani kwangu kutoka kitambaa ambacho sikukiuza kwa mtu kwa ajili ya siku hiyo. Ramazani nilimsimamisha pembeni yangu na karatasi yake ili watu waone mambo ya elimu. Wakapakia kitanda, wakapakia godoro la sufi, sufuria, magunia ya unga, mbuzi wawili, madebe ya mawese, halafu Zaina mwenyewe amefunikwa kitambaa chekundu, na kina mama wakiongozwa na dada yetu Mariamu, mwanamke mwenye mwili na sauti kuu, wakiimba.

Niliyaona maji. Nisiwadanganye, niliyaona. Ukingo wa mtumbwi ulikuwa umebakiza upana wa kiganja, na bado nusu ya mzigo ilikuwa mchangani. Nilitaka kusema tupunguze, lakini nikisema tupunguze, mtoto ameshindwa na shule imekwisha, au mimi nimesema uongo, na Yaya Shabani alikuwa amekunja mikono ananitazama mimi, hautazami mtumbwi. Nikasafisha koo.

"Pakia!" nikapaza sauti. "Hesabu inasema nafasi iko bado nyingi!"

Wakapakia gunia jingine. Dada Mariamu akapiga vigelegele, na ili apige vizuri akasimama, na aliposimama akaegemea upande mmoja. Mtumbwi haukupinduka, ningefurahi kama ungepinduka, maana ningelaumu upepo. Ulishuka tu. Ulishuka polepole, kwa heshima zote, kina mama wamekaa vilevile walivyokaa na wimbo unaendelea, mpaka maji yakawafika kifuani na wimbo ukageuka kuwa mayowe. Mbuzi wakaogelea kurudi nyumbani. Godoro likaelea kwanza, halafu likafikiri, halafu likazama.

Maji pale hayazidi kifua, kwa hiyo hakuna aliyedhurika, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka. Lakini madebe yalifunguka, na mawese yote ya harusi yakapanda juu ya ziwa, na kila mama aliyesimama alitokea katikati ya yale mafuta, akawa mwekundu kuanzia kichwani. Mimi niliruka kumwokoa Zaina na ile kanzu yangu. Nilitoka nimekuwa rangi ya kigae. Dada Mariamu akanifuata akitiririka mafuta, ameinua kiatu kimoja, anauliza mbele ya watu wote, "Sefu, ile nafasi nyingi iko wapi? Nionyeshe nikae!"

Ufukwe ulicheka mpaka watu wakakaa chini. Wengine walicheka, lakini Yaya Shabani hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake aliyelowa siku ya harusi yake, na alikuwa na haki ya hasira, halafu akamgeukia mwanangu.

"Umeona hesabu ya bazungu," akasema. "Huyu mutoto hapandi tena ile lori. Kesho nitamupa kasia."

Ramazani alikuwa bado ameshika karatasi. Alikuwa anapitisha kidole juu ya mistari yake mmoja mmoja. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, mi nilirudilia mara mingi. Sioni nilikosa wapi. Unisamehe."

Akaniomba msamaha. Mimi! Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini kicheko cha ufukwe mzima hakikuniuma kama lile neno moja. Mtoto alikuwa anatafuta kosa kwenye akili yake wakati kosa limesimama mbele yake linadondosha mawese. Na hata hapo (niwaambie ukweli wote) nilisita. Niliwatazama wenye mitumbwi wote waliojipanga pale, nikafikiria nitakavyopita sokoni kesho.

"Mutoto hakukosa kitu," nikasema. "Ni miye nilimudanganya. Mutumbwi haiko na mikono ishirini."

Yaya Shabani akasema, "Iko na ngapi?"

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Miaka yote ile, sijui! Mimi ambaye sijapata kumpunja mtu hata kidole kimoja cha kitambaa, sikuwahi kuupima mtumbwi wangu. Nikamtuma Mama Ramazani dukani alete ule mti wangu wa mita, vijana wakauvuta mtumbwi mchangani, na Ramazani akaupima mbele ya watu, akiita kila mita kwa sauti, na watu wakihesabu pamoja naye kama watoto wa madrasa. Wakafika sita. Akauweka mti mara ya mwisho, ukapita mwisho wa mbao kidogo.

"Saba kasoro," akasema, na mikono yangu ishirini ingefika mita tisa.

Akapima upana, akapima kina, akapiga magoti akafanya hesabu upya palepale mchangani kwa kijiti. Akaeleza kwa watu kwamba urefu unazidishwa kwa upana na tena kwa kina, kwa hiyo uongo wangu wa mara tatu haukujumlishwa, ulizidishwa wenyewe kwa wenyewe. Nilitamani angeeleza kwa kifupi. Jibu jipya likatoka chini ya theluthi ya lile la kwanza. Wakapakia mzigo huo tu, pamoja na dada Mariamu (aliyeketi chini safari hii), na mtumbwi ukaelea vizuri kabisa, ukavuka, ukarudi, ukavuka tena mpaka vyote vikafika. Zaina aliolewa akinukia mawese, na mpaka leo ana watoto saba, kwa hiyo hakuna lililoharibika.

Mtoto akasimama, akapangusa mchanga magotini, na kwa kuwa alikuwa amenogewa akauchukua mti wa mita akaanza kuelekea mtumbwi uliofuata. Ndugu zangu, sijapata kuona ufukwe ukiishiwa watu haraka vile. Huyu amekumbuka nyavu zake, huyu mke wake anamwita, huyu anasukuma mtumbwi wake majini hata kasia hajashika.

Yaya Shabani alikuja kwangu alfajiri baada ya swala, kabla jua halijatoka vizuri. Hakukaa.

"Nipe ule muti wako," akasema. "Na mutoto. Na we usitufuate."

Waliporudi, Ramazani alikuwa anang'ata midomo asicheke. Nikamuuliza mtumbwi wa baba mkubwa una ngapi. "Amenikataza kusema," akajibu, "lakini amesema mwezi wa tisa atanisindikiza mwenyewe ku lori."

Tangu siku ile nimeapa: mtoto akiniuliza kipimo, naamka nakwenda kupima, hata akiniuliza kiuno changu. Kusaidia kwangu kote kulikohitajika kulikuwa ni kukaa kimya na kungoja mtumbwi urudi. Na jina langu likabaki vile mnavyolijua. Siku lori lilipoondoka na Ramazani, Yaya Shabani amembebea sanduku, mtu mmoja akapiga kelele kutoka sokoni, "Ee Mita Saba Kasoro, mutoto wako anaenda!"

Na mimi, bila hata kufikiri, niligeuka nikamwitikia, nikaendelea kupunga mkono hadi lori lilipopotea.