Vileja vya Kopa

Katika harusi ya binti yangu nilipewa kazi moja tu, kupika vileja. Pilau ilikuwa ya kwao, hina ya kwao, sinia la kuwekwa mbele ya bibi harusi la kwao, na hata kiti nitakachokalia kilikuwa cha kwao. Binti alikuwa amesilimu mwaka uliotangulia, kwa hiari yake na kwa machozi yangu, na sasa alikuwa anaolewa katika nyumba kongwe ya Jomvu Kuu. Mimi ni mtu wa bara, nimezeekea Mikindani. Nilikuwa nimejiapia kwamba siku hiyo sitakaa pale kama jirani aliyevutwa na harufu ya chakula. Kitu changu kitakuwa katikati ya sinia, na kila atakayekionja ataambiwa kimetoka kwa mama wa bibi harusi.

Aliyenipa kazi hiyo ni mkwe wangu, mama wa bwana harusi, kwa simu. "Mkwe, n'taka vileja vya kopa," alisema. Mimi nikasikia "vya kopo". Nilikuwa kando ya barabara kuu, malori yananguruma, na mkwe wangu naye huongea taratibu mpaka mwisho wa neno unasinzia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi wowote. Miaka yote hii watu wa pwani wamenisifu kwamba Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha wenzangu wa bara, na mimi nikaamini kama mjinga.

Basi nikapika vileja vya mviringo, unga wa mchele, samli na iliki, vile vinavyovunjika mdomoni kabla hujatafuna. Nikanunua makopo mapya yanayong'aa, yenye vifuniko, nikayajaza na kuyafunga utepe wa dhahabu. Nikayapanga mezani nikayatazama kwa majivuno. Nikalala vizuri.

Asubuhi ya harusi simu ikalia mlio wa ujumbe. Mkwe alikuwa ametuma picha ya sinia likiwa tayari, na chini ya picha ujumbe wa sauti. "Mkwe, hujambo? Tazama, n'shaandaa kila kitu. Kitambaa cha kopa, mito ya kopa, mishumaa ya kopa. Vileja vyako vya kopa ndivyo tunavyongoja, vikae hapo kati. Vimetoka vizuri?"

Nikaikuza picha. Kitambaa kilikuwa kimetariziwa mioyo myekundu kila pembe. Mito ilikuwa na umbo la moyo. Mishumaa pia. Hapo ndipo nilipokumbuka wazee wanaocheza karata nje ya duka la mtaani kwetu, wanavyoitupa ile karata yenye mioyo myekundu wakipiga kelele, "Kopa!" Nimepita mbele ya karata hizo kila siku ya Mungu.

Ningeweza kumpigia nimwambie ukweli, lakini sikuthubutu. Mle uani kwao walikuwamo shangazi na mashemeji, na wengine wao hawakuficha kwamba walitaka kijana wao aoe kwa watu wao. Kabla sijakata simu wangekuwa wamepata la kusema: mama wa bibi harusi hata kopa na kopo hajui. Na neno la namna hiyo halibaki kwa mama, hushuka kwa binti, akalisikia jikoni kila akikosea chumvi. Nikamjibu mkwe kwamba vimetoka vizuri sana. Kisha nikakimbilia jikoni.

Niliteremsha kopo letu la vibati vya kukatia biskuti. Lilikuwa kopo la zamani la maziwa ya unga, ambalo binti yangu alilichora ua kwa rangi yangu ya kucha alipokuwa darasa la kwanza. Ndani mlikuwa na nyota, samaki, mti, ndege, mwezi na herufi kadhaa zilizopinda. Vibati hivyo ndivyo vilivyomlea. Kwa nyota tulikata chapati alipokataa kula. Kwa samaki tulikata viazi, tukavichovya rangi na kuchapa mapazia ya jikoni, na samaki hao bado wanaogelea kwenye pazia langu wakiwa wamepauka. Tulikata vipande vya sabuni, tukakata karoti, tukakata udongo aliokuja nao kutoka mtoni, tukauanika dirishani na kuutoboa tundu uwe mkufu. Mwezi alinivalisha mimi. Lakini kopa haikuwamo. Nilimwaga vyote mezani nikavipekua kwa vidole kana kwamba itazaliwa.

Nikakanda unga upya na kujaribu kwa kisu. Unga wa vileja ni mkavu, hautaki kisu, ukiukata kwa kuburuta unapasuka. Nikajaribu ujanja wa kuunganisha duara mbili na pembetatu, zikaachana ndani ya oveni. Nikatuma mtu dukani, akarudi na nyota nyingine. Nilimfokea yeye, nikaifokea nyota, nikamfokea aliyebuni neno kopa. Adhuhuri ikaadhiniwa, na sherehe ya wanawake ilikuwa baada ya alasiri.

Kilichobaki ni kutengeneza kibati mwenyewe. Nikachukua mojawapo ya yale makopo mapya nikajaribu kulikata, likagoma. Bati lake lilikuwa gumu, mkasi ukateleza na kunichana kidole. Nikageuka nikalitazama lile kopo la zamani, limekaa tupu. Bati lake lilikuwa jembamba, limelegea kwa uzee. Nililishika. Niliona kabisa kwamba leo binti anatoka nyumbani kwangu, na mimi nataka kukata kitu ambacho kingebaki. Nilikasirika mpaka nikalia. Halafu nikatia mkasi.

Nilikata utepe mrefu wa bati, nikakunja ukingo wa juu usinikate tena. Mabega mawili niliyazungushia kwenye shingo ya chupa ya soda, ncha nikaibana kwa koleo, miisho nikaipachika na kuigonga kwa mchi. Ya kwanza ilitoka kama korosho. Nikainyoosha, nikaanza upya. Safari hii ikawa kopa, ingawa bega la kushoto lilishuka kidogo. Nikaibonyeza kwenye unga, nikainua, na kileja kikabaki mezani kizima bila ufa. Nilipiga kelele peke yangu.

Nilipanda tuktuk nikiwa na kikapu mapajani, vileja bado vina joto. Chini ya vileja hivyo nilificha makopo mawili ya vile vya mviringo, endapo mambo yataharibika. Vibati vyote nilivitia kwenye mfuko wa nailoni, sijui kwa nini, maana havikuwa tena na pa kukaa na sikutaka kuviacha mezani vimetawanyika.

Uani palikuwa pamejaa mabuibui na manukato. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono na miguu imepambwa kwa hina, mzuri mpaka nikamwogopa. Mkwe alikipokea kikapu, akavipanga vileja katikati ya sinia kimoja kimoja. Kisha akakiinua kimoja usawa wa macho.

"Mkwe," alisema, "kopa hizi mbona zote zimeshusha bega upande mmoja? Umekatia nini?"

Shangazi mmoja akasogea karibu kusikia vizuri. Ningeweza kusema kibati kilianguka kikapinda, lakini nilikuwa nimechoka, na kidole kilikuwa kinapwita. Nikatoa kile kibati mfukoni nikamwekea kiganjani.

"Nimekitengeneza leo," nikasema. "Uliponiambia kopa mimi nilisikia kopo. Makopo yako yako humo chini, yamejaa."

Akachungulia kikapuni, akaona utepe wa dhahabu. Kicheko kilianzia kwake, kikaenda kwa shangazi, kikazunguka ua mzima. Nilisimama katikati yake masikio yakiwaka moto. Nilimtazama binti yangu, maana yeye ndiye atakayebaki na kicheko hicho mimi nikishaondoka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anakitazama kile kibati mkononi mwa mkwe. Ubavuni mwa kibati lilikuwa limebaki nusu ya ua, jekundu, la rangi ya kucha.

"Mama," akasema, "umelikata kopo letu?"

Kicheko kikafifia.

"Nimelikata."

Akauma mdomo. Wanja wake ulikuwa mpya, na aliyempamba akamwambia, "Usilie, mwanangu, wallahi utatuharibia." Akavuta pumzi, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mtoto, "Na vibati vingine sasa vitakaa wapi?"

Nilinyoosha tu ule mfuko wa nailoni, ukaning'inia kati yetu, na yeye hawezi kuupokea kwa sababu hina ilikuwa bado mbichi.

Mkwe wangu ndiye aliyeinuka. Alitoa kopo moja kikapuni, akafungua utepe, akamimina vileja vya mviringo kwenye sahani mbele ya wale mashangazi. Akalifuta kopo kwa ndani kwa ncha ya leso yake, taratibu, kama anavyoongea. Akauchukua mfuko kwangu, akavitia vibati vyote ndani, nyota, samaki, mwezi, na ile kopa juu kabisa. Akaliweka kopo kwenye mkeka, karibu na goti la binti yangu.

"Vitakaa hapa," alisema. "Na wewe, mkwe, itakubidi uwe waja kumfundisha mjukuu wetu kukatia, maana mimi sijui."