Betri za Mwalimu wa Historia

Chuoni walimu wetu waliambiwa wafundishe kwa vifaa vya kisasa, lakini shule yetu ya Basotu haina umeme. Kwa hiyo mwalimu wa historia huanika betri dirishani kila asubuhi, akazing'ata moja moja zipate nguvu kidogo, kisha akazirudisha kwenye redio kaseti. Kwenye kanda bibi mmoja wa hapa kijijini anasimulia jinsi trekta za shamba la ngano zilivyolima kaburi la mumewe.

Jana tulimzika bibi huyo. Binti yake akaomba, "Mwalimu, tumsikie mama." Mwalimu akabonyeza redio aliyokuja nayo. Sauti ikatoka nzito, ikijikokota, kama ya mwanamume mlevi.

"Zima, mwalimu. Huyo siyo mama."

Mwalimu akazitoa betri, akazing'ata, akabonyeza. Akazing'ata tena, mpaka katekista aliyeongoza maziko alipomshika mkono.