Ua Ndani ya Nyumba

Wiki iliyopita niliona ua jekundu la gerbera kwenye dirisha la duka moja pale Tarime, nikasimama ghafla mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Mama alikuwa na ua kama hilo nyumbani kwetu Nyamwaga. Lilikaa sebuleni, kwenye kopo la rangi, juu ya meza ya dirishani. "Mwagia pembeni," aliniambia kila mara. "Ukimwagia kwenye moyo wa majani, linaoza."

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, malaria iliyonilaza siku kadhaa ilikuwa imeniachia kidogo, nikaenda nyuma ya nyumba kulichotea maji pipani. Kulinukia udongo mbichi na moshi wa jikoni. Ndipo nikasikia mtu analia ndani, kilio cha msibani kabisa.

Nikakimbilia ndani na kikombe changu. Alikuwa bibi, mzaa mama, amefika kutoka Nyanungu na vumbi lake miguuni, amejishika kichwa mbele ya lile ua.

"Shikamoo, bibi. Nani amekufa?"

Bibi aligeuka, akaniona, akaanguka chini kama gunia la mahindi. Mama akaja mbio kutoka jikoni, akampepea kwa kanga. Alipozinduka, bibi alinipapasa uso, shingo, mikono.

"Ana joto," akasema. "Huyu mtoto ana joto!"

Mimi nikadhani homa imenirudia.

Sasa najua. Bibi alikuwa amepata habari kwamba naumwa sana, na maisha yake yote alikuwa ameona maua ndani ya nyumba mahali pamoja tu: juu ya jeneza.